Kompyuta za kwanta zianzie kidato cha nne

Shikamooni wazee wangu. Wanafunzi, hamjambo?

Narudia lile lile: kompyuta ya kwanta, ile inayokokotoa kwa kanuni za chembe ndogo kabisa kama za mwanga, si somo la kungoja chuo kikuu. Fungueni hisabati ya kidato cha nne. Vekta zimo, matrisi zimo, uwezekano umo. Kyubiti, yaani kipande kidogo kabisa cha habari katika kompyuta hiyo, ni vekta ya namba mbili. Unaigeuza kwa matrisi ya mbili kwa mbili: yenye mistari 0 1 na 1 0 hufanya sifuri kuwa moja. Ukiipima, jibu, sifuri au moja, huja kwa uwezekano. Mtoto anazidisha matrisi hizo usiku kucha ili afaulu, na hakuna anayemwambia ni za kazi gani! Hilo linaniudhi.

Sasa nendeni kwa mafundi wa Mwanjelwa, pale Mbeya, ombeni kioo kibovu cha televisheni bapa. Kimebandikwa karatasi ya plastiki inayochuja mwanga. Ibandueni taratibu, mkate vipande vitatu. Kimoja kiwekeni wima mbele ya tochi, cha pili kilazeni: giza. Halafu chomekeni cha tatu katikati, kimeinama nyuzi 45. Mwanga unapita! Umeongeza kizuizi, mwanga ukaongezeka. Mwalimu, usitoe jibu hapo, waache wabishane.

Wakichoka, waambie: chembe ya mwanga iliyopita kipande cha kwanza ina uwezekano wa nusu kupita kile kilichoinama. Ikipita, inatoka na mwelekeo mpya, ule wa wima umefutika. Ndiyo maana kipande cha mwisho nacho huipitisha kwa nusu. Nusu ya nusu ni robo. Na nusu yenyewe imetoka wapi? Kosaini ya nyuzi 45, kipeo cha pili. Chembe hiyo ni kama kyubiti, na kila kipande cha plastiki kinaipima. Kupima kumebadilisha kilichopimwa, na mtoto amekiona kwa macho yake.

Kuna mzazi anawaza, "Shule yetu haina hata maabara, huyu anatuletea kwanta." Mzazi wangu, nimetaja maabara mimi? Nimetaja tochi, plastiki na daftari.

Naona naonyeshwa saa. Basi upesi: mwaka 1994 mwanahisabati Peter Shor alionyesha kuwa kompyuta ya kwanta yenye nguvu ya kutosha ingevunja usimbaji, yaani ufichaji wa ujumbe kwa hesabu, unaolinda siri nyingi za mtandaoni. Mwaka 2016 kampuni ya IBM ilifungulia umma kompyuta yake ya kwanta kwa intaneti, hata aliyeko Makete, kule Njombe, angeweza kuijaribu. Ya usimbaji mpya, wa kuzikinga siri hizo, nayaacha.

Ila wenzetu wa chuo cha elimu cha Mkwawa, Iringa, siwaachi. Ninyi mnawafunda walimu wetu wa hisabati. Wapeni kipindi kimoja tu cha vipande hivi vitatu kabla hawajaenda mazoezi ya kufundisha.