Wanafunzi wa Yesu Walioshindwa: Namna ya Kuwahubiri bila Kuwaponda

(Mhadhara kwa wainjilisti na makatekista, Kigoma Mjini)

Bwana Yesu asifiwe.

Kila mtu achukue vipande vitatu vya karatasi aweke alama kwenye Biblia yake: Mathayo 8:23, Marko 4:35 na Luka 8:22. Dhoruba ni ile ile aliyoituliza Yesu ziwani, ila waandishi hawawatendei wanafunzi sawasawa.

Kwa Marko, wanafunzi wanamwamsha Yesu kwa lawama: "Mwalimu, si kitu kwako kuwa tunaangamia?" Mathayo anaandika ombi: "Bwana, tuokoe, tunaangamia." Sasa tazameni majibu. Marko: "Hamna imani bado?" Mathayo: "enyi wa imani haba." Luka: "Imani yenu iko wapi?" Wataalamu wengi wanaona kwamba Marko ndiye aliyetangulia kuandika, na wenzake wawili wakaitumia kazi yake. Mimi nawaunga mkono. Maana yake ni kwamba Mathayo na Luka walilikuta neno kali, wakalilegeza.

Halafu angalieni mpangilio. Kwa Marko na Luka, Yesu anatuliza upepo kwanza, ndipo anauliza. Na hofu yao ilikuwa na sababu: mliotoka Katonga na Ujiji mnalijua ziwa likichafuka usiku, na wanne kati ya wale waliokuwa chomboni walikuwa wavuvi wa kazi. Mhubiri wa nchi kavu anayewaita waoga, mimi ningempeleka kwanza akalale ziwani siku moja.

Twende kwa Petro, maana hapa ndipo tunapoharibu zaidi. Marko 14:50 inasema wote walikimbia. Mistari minne mbele, Petro yumo ndani ya behewa, yaani ua, ya Kuhani Mkuu, amefuata kwa mbali, lakini amefuata. Kwa simulizi ya Marko, anaanguka mahali ambapo wenzake hawakuthubutu kufika. Mahubiri mengi huishia jogoo anapowika na Petro analia, watu wanarudi nyumbani. Luka ameweka mambo mawili ambayo wengine hawana. Kabla ya kosa, 22:32, Yesu anasema ameshamwombea imani yake isitindike. Baada ya kosa, 22:61, Bwana anageuka na kumtazama. Msiongeze kwamba alimtazama kwa hasira, Luka hakusema. Naye Yohana anamweka Petro mbele ya moto wa makaa mara mbili: 18:18 anapokana, na 21:9 anapolishwa samaki na mkate. Kisha anaulizwa mara tatu kama anapenda. Hakuna anayemkumbusha yale ya uani.

Luka tena, Gethsemane, 22:45: wamelala "kwa huzuni." Neno hilo la sababu Mathayo na Marko hawanalo. Na Tomaso, kabla hajamwita mwenye shaka, mhubiri asome kwanza Yohana 11:16, anapowahimiza wenzake waende wakafe pamoja na Yesu.

Lakini kuna kosa la upande wa pili: kuwahurumia mpaka kosa lenyewe lipotee. "Rudi nyuma yangu, Shetani" aliyoambiwa Petro katika Marko 8:33 isirukwe, na ukali wake ubaki. Wala msimtupie mama wa wana wa Zebedayo mzigo wote wa tamaa ya ukubwa kwa sababu Mathayo 20:20 inamtaja yeye; kwa Marko 10:35 wanaoomba ni vijana wenyewe. Yuda ni mgumu zaidi. Mathayo 27:3 inasema alijuta, akarudisha vipande thelathini vya fedha. Semeni hilo, kisha mnyamaze. Hukumu yake si kazi ya mimbari.

Mkipangiwa somo la kukana kwa Petro, msisome Marko 14:66–72 peke yake. Katika ibada hiyo hiyo someni na 16:7, ambapo wanawake wanatumwa wawaambie "wanafunzi wake, na Petro." Mathayo 28:7 haimtaji. Msomaji avute pumzi kabla ya "na Petro," asiyapitie mbio.