Haikuwa saratani, lakini mgongo ulipasuliwa

Shikamooni wakubwa zangu, na wengine habari za huko Bukoba. Swali ni lilelile kila siku: "Kama haikuwa saratani, mtoto mlimpasua mgongo wa nini? Au Kampala hela zinaokotwa?" Leo najibu. Sijisifu, wala siombi mchango.

Mwanangu ana miaka 15. Alikuwa anaamka saa nane za usiku, namkuta amepiga magoti, kifua kitandani, ameng'ata shuka. Nikimpa ibuprofeni, baada ya muda kalala. Mgongo nao ukaanza kupinda, bega moja likashuka. Watu wakasema ni begi la madaftari.

Eksirei haikuonyesha kitu. Wakahisi TB ya mifupa, na huku kwetu si ajabu, ila hakuwa na homa wala hakukonda. Miezi mitano ikaenda hivyo. Daktari mmoja wa mifupa ndiye aliyeuliza: "Anaumwa zaidi usiku? Dawa inamtuliza?" Akaagiza CT, picha ya mashine inayoonyesha mfupa kwa undani kuliko eksirei ya kawaida. Ndipo kikaonekana, nyuma ya pingili ya kiunoni, kidogo kama punje ya mbaazi. Ni kiuvimbe cha mfupa kisicho saratani, kinaitwa osteoidi osteoma. Hakisambai. Lakini kinamwaga prostaglandini, kemikali inayoleta maumivu, na ibuprofeni inazuia hiyohiyo. Misuli inakaza upande mmoja, mgongo unapinda, na ukiachwa muda mrefu unaweza usinyooke tena. Wapo wanaovumilia kwa dawa mpaka kinatulia chenyewe, wapo wanaochomwa kwa sindano ya joto. Cha kwetu kilikuwa kimeukaribia mno mshipa wa fahamu, daktari akaamua kukikwangua. Maumivu yale ya usiku hayakurudi.

Sasa bima. Fomu iliandikwa "uvimbe", wakaiingiza kwenye saratani, ambayo mpango wangu haulipii. Nikaleta barua ya daktari, haina muhuri. Nikaleta yenye muhuri, nikaambiwa siku za kuwasilisha zimepita. Nimeuza bodaboda yangu, jamani. Na ndugu yangu wa tumbo moja nilipompigia, akanijibu, "Ninyi mlio nje mna hela." Nilikuwa nimekaa kwenye ngazi za hospitali. Hilo bado halijanitoka.

Mama wa Karagwe uliyeuliza kuhusu binti yako: sisemi anacho hicho, kila mwili na mambo yake, na mimi si daktari. Andika tu saa anazoumwa na dawa inayomtuliza, umpe daktari hiyo karatasi. Na picha zikishapigwa, ondoka na CD yako. Mimi yangu niliiacha, nikalipia CT mara mbili.