Mtoto Anayetumwa Dukani Mara Mia Mbili

Asalaam aleikum, na habari za jioni nyote.

Vijana wa hapa Mombasa huniuliza sana: nishike lugha ya programu iliyo nyepesi kuandika au ile yenye kasi? Nitajibu, ila kwanza twende soko la Kongowea.

Kuna mfanyabiashara wa jumla pale mwenye mfumo wa oda ulioandikwa kwa lugha ya Python na Django, fremuweki yake, yaani kiunzi cha kujengea programu za wavuti. Akifungua ukurasa wa oda asubuhi, anangoja hadi anachoka. Akaambiwa Python ni nzito, mfumo wote uandikwe upya kwa Go, lugha yenye kasi zaidi. Namshukuru Mungu aliniita kabla hajatoa pesa.

Nilihesabu maswali yanayokwenda kwenye hifadhidata, pale data inapowekwa. Ukurasa ulionyesha oda 200. Programu iliomba orodha ya oda, kisha kwa kila oda ikarudi kuuliza jina la mteja. Jumla maswali 201! Ni kama kumtuma mtoto dukani akalete chumvi, akirudi umtume vitunguu, akirudi umtume nyanya. Mtoto mbio anazo. Aliyemtuma ndiye hakumpa orodha.

Na duka lenyewe lilikuwa mbali, maana programu na hifadhidata zilikaa kwenye seva mbili tofauti. Tuseme kila safari ni milisekunde 10: safari 201 zinapita sekunde mbili, na mfanyabiashara wetu hajaona hata herufi moja. Django ina select_related, inayounganisha majedwali na kuleta oda pamoja na wateja wake kwa safari moja. Tukaiongeza. Tukaweka na faharisi, orodha ya kutafutia haraka, kwenye tarehe, kwa sababu hifadhidata ilikuwa ikipekua jedwali zima mstari kwa mstari kutafuta oda za siku moja. Go ingeuliza maswali yaleyale 201, na ingengoja palepale.

Sisemi kasi ya lugha ni bure. Kwenye hesabu nzito, Go na Java huiacha Python mbali sana. Facebook ilianza kwa lugha ya PHP mwaka 2004, na mwaka 2010 ikatangaza HipHop, chombo cha kugeuza PHP kuwa C++, lugha yenye kasi zaidi, kwa kuwa kwa ukubwa wake kila tone la kasi lilipunguza seva. Wewe mwenye wateja mia tano huna tatizo hilo.

Wewe una tatizo jingine: fundi wako akihamia Nairobi, nani atashika kazi? Mimi naliweka swali hili juu ya vipimo vyote vya kasi. PHP na Python zina watu hapa mjini. Lugha isiyo na mtu wa pili wa kuisoma ni mzigo, hata ikikimbia vipi.

Kwa hiyo upande wa lugha, chukua wepesi. Upande wa hifadhidata nawasihi msifichwe na wepesi huohuo. Fremuweki ikikuandikia SQL, lugha ya kuulizia hifadhidata, isome. Duka moja dogo linaweza kuanza na SQLite, hifadhidata ya faili moja tu, mradi ukumbuke kwamba huandikwa na mmoja kwa wakati. Waandishi wakiwa wengi, nenda PostgreSQL, hifadhidata inayopokea waandishi wengi kwa pamoja.

Sasa naomba taa za mbele zizimwe. Hapa ukutani ni majibu ya EXPLAIN ANALYZE, amri inayoonyesha hifadhidata ilivyotekeleza swali, kabla hatujaweka faharisi. Tazameni pale palipoandikwa Seq Scan, yaani kupekua jedwali zima.