Kaizari Mlangoni kwa Papa

Ndugu zangu, asanteni kwa kufika. Mada niliyopewa ni ya zaidi ya miaka elfu moja, kwa hiyo sehemu kubwa nitaipita mbio ili tupate muda wa kukaa na jambo moja: mtawala anayeomba baraka ili kiti chake kikubalike, humpa mwenye kubariki uwezo wa kuzizuia baraka hizo. Hiyo ndiyo hoja yangu leo.

Tuanze Roma kabla ya Ukristo. Huko dini na dola zilishikwa na mkono mmoja. Julius Caesar alichaguliwa kuhani mkuu mwaka 63 KK, kabla hata ya kuwa konsuli, cheo cha juu cha serikali. Augustus akauchukua ukuhani huo mwaka 12 KK, na baada yake ukawa wa makaizari. Kutoa sadaka kwa miungu kulikuwa alama ya utii. Kaizari Decius alipoamuru mwaka 250 watu watoe sadaka, kila aliyetoa alipewa hati yenye ushahidi wa maofisa, na baadhi ya hati hizo, zilizoandikwa kwenye mafunjo, zimepatikana Misri. Hebu fikirieni mkulima wa kijijini anayetunza hati ya kuthibitisha kwamba ameabudu! Mkristo aliyekataa alihesabiwa kuwa mwasi.

Kaizari Constantine aliwapa Wakristo uhuru mwaka 313, na mwaka 325 akawaita maaskofu kwenye mkutano mjini Nicaea na kuketi kati yao, ingawa yeye mwenyewe hakubatizwa mpaka alipokaribia kufa mwaka 337. Wengi husema hapo Kanisa lilishinda. Mimi naona kaizari alibaki msimamizi wa dini vilevile. Dini ndiyo iliyobadilika.

Jambo jipya kweli lilitokea Milano mwaka 390. Wenyeji wa Thessaloniki walikuwa wamemuua kamanda wa Kaizari Theodosius, na askari wake wakalipiza kwa kuua umati wa watu. Askofu Ambrose akamwandikia kaizari kwamba hataweza kuadhimisha Ekaristi, yaani meza ya Bwana, mbele yake mpaka atubu. Theodosius akatubu hadharani. Ambrose hakuwa na jeshi. Alikuwa na meza ya Bwana, na kaizari aliihitaji.

Baadaye dola ya Magharibi ikaanguka, kaizari akabaki mbali, Constantinople, na askofu wa Roma akajikuta hana mlinzi. Mwaka 799 Papa Leo III alishambuliwa na maadui zake mjini Roma, akakimbilia kwa Charlemagne, mfalme wa Wafaranki. Krismasi ya mwaka 800 akamvika taji la kaizari. Papa alihitaji upanga, mfalme alipata cheo, na hapakuwa na aliyesema wazi nani amempa nani. Naamini Charlemagne aliiona hatari hiyo, maana mwaka 813 mwanawe Louis alipovikwa taji kule Aachen, papa hakuwapo.

Wahenga walisema mafahali wawili hawakai zizi moja. Ulaya Magharibi walikaa, karne baada ya karne, wakipigana pembe. Pambano kubwa lilihusu uteuzi wa maaskofu, na hapa naomba tutulie kidogo. Kwa nini kaizari wa Ujerumani, aliyeshika cheo kile cha Charlemagne, ajali nani ni askofu? Kwa sababu askofu alikuwa na ardhi, mapato na askari. Tena hakutakiwa kuwa na mrithi, kwa hiyo akifa, mfalme aliweza kumweka mtu wake mwingine, jambo gumu sana kwa ukoo wa kikabaila wenye watoto. Mfalme ndiye aliyemkabidhi askofu mpya pete na fimbo ya kichungaji.

Papa Gregory VII alisema hapana: vitu vya kiroho havitolewi na mkono wa mlei, yaani mtu asiye padre. Mwaka 1075 yeye na Henry IV, mfalme wa Ujerumani, wakagombana kuhusu askofu mkuu wa Milano. Januari 1076 Henry na maaskofu wake walikutana Worms, mji wa Ujerumani, wakamtaka papa ashuke kitini. Gregory akajibu kwa kumtenga Henry na Kanisa, na zaidi ya hapo akawafungulia raia wake viapo vyao. Hili la viapo ndilo lililouma. Utawala wa wakati ule ulisimama juu ya kiapo, na kiapo kiliapwa mbele za Mungu. Watawala wa majimbo, ambao wengi walikuwa na visasi vyao na Henry, wakapata sababu takatifu ya kumwacha.

Henry akavuka milima ya Alps katikati ya baridi kali, pamoja na mkewe na mtoto wao mdogo, mpaka ngome ya Canossa, mali ya Matilda wa Toscana, alikokuwa papa. Siku tatu za Januari 1077 alisimama nje, miguu mitupu, amevaa nguo ya toba. Papa akamsamehe. Vitabu vingi huonyesha hapo mfalme aliyedhalilika. Mimi namwona mwanasiasa hodari: kuhani hawezi kumfukuza anayetubu, na Henry alilijua hilo. Mwaka 1084 aliingia Roma na jeshi, akamweka papa wake, na Gregory akafa uhamishoni Salerno mwaka uliofuata.

Mapatano yalifikiwa Worms mwaka 1122, wakati wote wawili wameshafariki. Pete na fimbo zikabaki kwa Kanisa. Kaizari akampa askofu mamlaka ya ardhi kwa fimbo ya kifalme, na huko Ujerumani akabaki na haki ya kuwapo uchaguzi wa askofu unapofanyika.

Basi Philip IV wa Ufaransa alipogombana na Papa Boniface VIII, ugomvi ulioanzia kwenye kodi za mapadre, hakwenda kusimama kwenye theluji kama Henry. Aprili 1302 aliwaita Paris makabaila, viongozi wa Kanisa na wawakilishi wa miji, akaomba wamuunge mkono. Novemba papa akatangaza kwamba kila mwanadamu lazima awe chini yake ili aokoke. Septemba 1303 watu wa Philip wakamkamata kwao Anagni. Wenyeji walimwokoa, lakini Oktoba akafariki. Mfalme alikuwa amekwisha kupata, katika mkutano ule wa Paris, mahali pengine pa kuombea uhalali wa kiti chake.