Askari akisema "hii sheria sitaitumikisha": mazungumzo ya Katuba

(Haya ni maneno niliyoyasema ku saali ya parokia, Katuba, Lubumbashi. Vijana waliyashika ku simu, mimi nikaandika vile yalitoka, nimetosha paka kurudia-rudia.)

Bayaya, ba mama, ba tata, na ninyi vijana wa fakilte mliosimama kule nyuma juu viti havikutosha, yambo yenu wote. Asante kwa kuja na hii joto ya mwezi wa kumi.

Nitaanza na ubishi. Vijana wa hapa kartie walikuwa wanabishana, mmoja anasema huko Marekani mkubwa wa polisi anaweza kusimama mbele ya kamera na kusema "hii sheria ya bunduki mimi siitumikishi" na anabaki na kazi yake, mwenzake anasema uongo, askari ni askari, sheria ikitoka anaifuata. Wakaniletea mimi juu ndiye nafundisha sheria. Nikawaambia wa kwanza ana haki. Lakini nikawaambia pia msifikiri ni hadithi ya mbali, hii kitu iko hapa kwetu kila siku, kule wanaisema ku mikrofoni, hapa wanaifanya kimya-kimya ku bariere, pale askari wanafunga njia.

Basi twende Colorado, jimbo moja la Marekani. Mwezi wa saba 2012 mtu aliingia ku sinema ya muji wa Aurora na bunduki, akaua watu 12. Mwisho wa mwaka ule ule, huko Connecticut, mwingine akaingia ku shule ya msingi ya Sandy Hook, akaua watoto 20 na wakubwa 6. Nchi nzima ikalia. Mwaka 2013 Colorado ikatoa sheria mpya: kila anayenunua bunduki achunguzwe kwanza, hata kama anainunua ku rafiki yake, na sharjere, ile kasha ya chuma ya kuwekea masasi, isipite masasi 15. Yenye iko kubwa kuliko ile, kama ulikuwa nayo mbele ya tarehe 1 mwezi wa saba 2013 unabaki nayo, lakini kununua ingine ni marufuku.

Sasa muelewe sherifu ni nani. Ni mkubwa wa polisi wa kaunti, lakini hatumwi na gouverneur. Anachaguliwa kwa kura ya watu wa kaunti yake, kama vile mnachagua deputé, na kama watu wake wanapenda bunduki basi anajua nani atamrudisha ku kiti. Masherifu zaidi ya 50 wa Colorado wakaenda kortini kupinga ile sheria, na wengine wakasema wazi hawataitumikisha. Mmoja wao, John Cooke wa kaunti ya Weld, alikuwa anafanya kitu ku mikutano ambacho mimi nakikumbuka sana. Anashika sharjere mbili za masasi 30, zinafanana kama mapacha. Anasema hii moja nilikuwa nayo mbele ya tarehe ya sheria, hii ingine pengine niliipata nyuma. Halafu anazichanganya mikononi, anauliza watu: ipi ni ipi? Askari wangu atajuaje?

Ndugu zangu, lile swali ni la kweli. Tusilikimbie. Kuna sheria ambazo ukizisoma vizuri unaona askari hana njia ya kuzitumikisha bila kuingia ndani ya nyumba ya kila mtu, na hakuna polisi wa nchi yoyote mwenye askari wa kutosha kukamata kila kosa. Kuchagua kupo. Hapa kwetu pia, kitabu cha sheria za utaratibu wa makosa cha 1959 kinampa OPJ, ule askari wa kuchunguza makosa, ruhusa kwa makosa madogo kulipisha lamande, ni feza ya kosa, na faili ikaishia pale, na watu wa paruke, biro ya prokirere anayepeleka watu kortini, wana haki ya kuona kama faili inafaa kusukumwa mbele ao inafaa kulala. Kwa hiyo mtu akiniambia "polisi afuate sheria tu, basi", namuambia wewe hujakaa komisaria hata siku moja.

Lakini swali la Cooke lina mwenzake ambaye hakuulizwa, na huyo mwenzake njo amenileta hapa. Askari akichagua, anachagua kwa ajili ya nani?

Mjomba wangu, Mungu amurehemu, alikuwa mwindaji huko njia ya Kasenga. Alikuwa na pupu, bunduki ya kujitengenezea. Wazee mnaijua, vijana nitawaelezea: bomba ya chuma ya maji, kitako cha mti amechonga mwenyewe mpaka kinateleza juu ya jasho la mikono, mipira iliyokatwa ku mpira wa ndani wa baisikeli njo inavuta nyundo, na baruti anashindilia kwa fito polepole huku ameshikilia pumzi. Siku moja tunarudi, nilikuwa na miaka kama 12, nimekaa nyuma ku baisikeli, tukafika bariere. Askari akamuuliza:

"Tata, hii kintu yako iko na mukanda?" Mukanda ni karatasi ya ruhusa.

"Hapana, mukubwa."

Akaangalia pupu, akaangalia mufuko wa nyama, akaniangalia mimi. Akasema: "Enda, lakini shiye hatukuonana." Mguu wa nyama ukabaki pale. Njia nzima mjomba alikuwa anaimba.

Mwaka uliofuata, bariere ile ile, askari mwingine, na siku hiyo porini hatukupata kitu. Mjomba alilala kasho, kule polisi wanafungia watu, siku 4. Pupu ikapotea. Hakuna peve, ile ripoti ya polisi, hakuna karatasi, hakuna lamande yenye risiti. Miaka ilipita, mimi nikaanza kusoma sheria, nikaenda pale nikaomba kwa heshima waniangalizie kaye, daftari yao, ya mwaka ule. Tarehe yake iko: baisikeli imeibiwa, watu wawili wamepigana juu ya ukuta. Mjomba hayumo. Ordonansi-loi ya tarehe 3 mwezi wa tisa 1985 juu ya silaha ni moja, ilikuwa moja mwaka wa kwanza na ilikuwa moja mwaka wa pili, kilichobadilika ni mguu wa nyama.

(Na sisemi pupu ibaki kila mahali. Kaskazini ya Katanga tumeona bunduki zimefanya nini, na wengi wenu mnakumbuka Pasta Ngoy Mulunda na watu wake wa PAREC, shirika lake la amani, walivyokuwa wanapokea bunduki na kumpa mtu baisikeli. Ilikuwa njia ingine ya kutosha silaha mikononi bila kuvunja mlango wa mtu, na mimi naiheshimu.)

Turudi Colorado tena, muji mdogo unaitwa Castle Rock, mwezi wa sita 1999. Mama mmoja, Jessica Gonzales, alikuwa na amri ya jaji inayomkataza bwana yake asikaribie yeye na watoto, paka kwa saa zilizopangwa. Nyuma ya ile karatasi, musikilize vizuri, kulikuwa kumeandikwa maneno kwa polisi: lazima mtumie kila njia inayofaa kuitumikisha amri hii, lazima mumkamate anayeivunja. Lazima. Imechapishwa.

Mangaribi baba akachukua mabinti watatu waliokuwa wanacheza nje ya nyumba, wadogo, wa miaka kati ya 7 na 10. Saa moja na nusu za usiku mama anapiga simu polisi, askari wawili wanakuja, anawaonyesha karatasi, wanamuambia hatuwezi kufanya kitu, ngoja mpaka saa ine. Baba anasema ku simu kwamba yuko na watoto ku uwanja wa michezo huko Denver, mama anawaambia polisi, wanamuambia ngoja. Saa ine inapita, anapiga, ngoja mpaka saa sita. Saa sita anapiga. Karibu na saa saba yeye mwenyewe anaenda ku biro ya polisi, askari anaandika ripoti yake, halafu huyo askari anatoka anaenda kula.

Saa tisa na dakika 20 baba akafika ku biro ya polisi, akaanza kupiga masasi na bastola aliyoinunua usiku ule ule. Polisi wakamuua pale. Ndani ya gari yake wakakuta wale mabinti watatu, ameshawaua.

Mama alienda kortini, na kesi ikafika mpaka korti kubwa kuliko zote kule. Mwaka 2005, majaji 7 kwa 2, wakasema hii "lazima" ya sheria haifuti desturi ya zamani ya polisi kuchagua, na mama hana haki ya kisheria ya kudai kwamba ile amri itumikishwe. Nilivyosoma ile hukumu mara ya kwanza nilifunga kitabu nikatoka nje kutembea. Mwaka 2011 komisyo ya haki za binadamu ya nchi za Amerika ikasema Marekani ilivunja haki za yule mama na watoto wake, lakini hukumu ya 2005 iko pale pale mpaka leo.

Mnaona sasa? Sherifu wa Weld alikuwa anauliza askari wangu atajuaje. Castle Rock askari alijua. Karatasi ilikuwa mkononi.

Na haikuishia pale. Mwaka 2019 Colorado ile ile ikatoa sheria nyingine: familia ao polisi wanaweza kwenda kwa jaji kuomba mtu hatari anyang'anywe bunduki kwa muda. Kaunti nyingi zikapinga, kaunti ya El Paso ikatangaza kwamba yenyewe inalinda haki ya bunduki. Mwaka 2021 huko huko El Paso kijana mmoja alikamatwa juu ya kutisha familia yake na bomu. Bunduki zake zilichukuliwa, lakini kesi ikaanguka juu familia haikuja kutoa ushahidi, na hakuna aliyeenda kwa jaji kuomba ile amri mpya. Mwezi wa kumi na moja 2022 kijana yule akaingia ku Club Q, Colorado Springs, akaua watu 5. Mimi sisemi kwamba ile amri ingemzuia kabisa, hilo hakuna anayeweza kuliapa. Nasema mlango ulikuwepo na hakuna aliyeujaribu.

Kuna wale watasema: basi tuwanyime polisi nafasi yote ya kuchagua. Ao watasema, kinyume, askari ndiye anajua watu wake, mumuache aamue. Kwa hawa wa pili nina hadithi fupi. Mwezi wa kwanza 1956 nyumba ya pasta Martin Luther King huko Montgomery, Alabama, ilipigwa bomu, mke na mtoto wako ndani. King akaenda kuomba ruhusa ya kubeba bunduki. Sheria iliwaachia wakubwa wa pale waamue nani anafaa. Wakamnyima. Mtu ambaye nyumba yake imepigwa bomu, pasta! Kwa hiyo ukimpa mkubwa haki ya kuamua bila kuuliza sababu, jua kwanza nani atakayekataliwa.

Na kukataa kwa wazi kupo, kukataa ambako mimi nakupigia makofi. Masherifu wawili, Jay Printz na Richard Mack, walikataa kuchunguza wanunuzi wa bastola kwa amri ya serikali kuu, lakini walienda kortini, wakatoa majina yao, wakaeleza sababu, na mwaka 1997 wakashinda, majaji 5 kwa 4. Sikubaliani na kila kitu chao. Lakini kila mtu alijua nani amekataa, amekataa nini, na wapi pa kumjibu. Konstitisyo yetu wenyewe ya 2006, artikle 28, inasema hakuna anayelazimishwa kutekeleza amri ambayo wazi-wazi ni kinyume cha sheria, na askari anafunguliwa kutoka utii kama amri inavunja haki za watu. Askari anayeambiwa piga masasi ku wanafunzi akaweka bunduki chini, huyo yuko ndani ya artikle 28. Askari anayemuambia mama "murudie nyumbani muelewane" wakati bwana ana silaha, huyo artikle 28 haimjui.

Ninachokiomba mimi ni kitu kidogo. Aandike. Ukimuachilia mwindaji na pupu yake, andika: nimemuachilia, sababu hii, saini. Ukimnyang'anya, andika. Ukikataa kupokea malalamiko ya mtu, andika umekataa na kwa nini. Askari akijua kesho mkubwa wake, jaji, ao mtoto wa mwindaji atakuja kufungua ile kaye, mguu wa nyama unakuwa mzito sana kuubeba.

Naona mkono. Ndiyo, mama, sema.

(Mama mmoja aliuliza: jirani yake anatishwa na bwana yake, bwana ana bastola, wameenda mara mbili, wameambiwa hayo ni mambo ya nyumba. Wafanye nini?)

Mama, asante kuliuliza mbele ya watu. Kwanza usiku wa leo asilale pale, yeye na watoto, kama kuna dada ao mutu wa kanisa mwenye nafasi. Halafu malalamiko asiende kuyasema kwa mdomo tena. Ayaandike, barua kwa prokirere wa Jamhuri, aweke tarehe zile mbili alizoenda, saa, na maneno aliyoambiwa. Kopi mbili. Moja anaiacha ku paruke, nyingine anaomba waipige kashe, ni muhuri, na tarehe juu yake na anarudi nayo. Wakimuambia kashe haipo, aketi, angoje. Na habari ya bastola, je huyo bwana ana ruhusa yake, hilo pia liandikwe ndani, juu bila ruhusa ile sheria ya 1985 peke yake inatosha kumuita.

Kama hajui kuandika Kifaransa cha paruke, mlete. Kesho saa mbili asubuhi niko hapa hapa, ku hii meza, na kalamu.