Jina Lililotangulia Nchi

Walimu wangu, shikamooni. Wanafunzi, karibuni. Nikisema Waingereza leo nina maana ya watu wa England tu. Waskoti na Wawelshi wanastahili mhadhara wao.

Mwaka 731, huko Jarrow, mtawa Bede alimaliza historia ya kanisa la watu aliowaita Waangli, jina lililozaa neno England. Angalieni ajabu yake: England haikuwepo. Zilikuwepo falme za Northumbria, Mercia, Wessex, Kent na nyingine, zikipigana kila zilipopata nafasi. Watu wa falme hizo walitokana na Waangli, Wasaksoni na Wajuti, achilia mbali Wabritoni waliowakuta. Bede aliwahesabu wahamiaji hao wote kuwa umma mmoja, maana kanisa lao lilikuwa moja, likimtazama askofu mkuu wa Canterbury.

Wazo la mtawa likapata nguvu kwa mkono wa adui. Wadani, wavamizi kutoka ng'ambo ya bahari, walizivunja falme nyingine, ikabaki Wessex ya Mfalme Alfred, aliyewashinda pale Edington mwaka 878. Mjukuu wake Athelstan akaitwaa York mwaka 927, ndipo akajiita mfalme wa Waingereza. Mimi naona adui huyo alifanya kazi kuliko damu. Akafuatia mtoza kodi: siku za Mfalme Edgar, karne ya 10, sarafu ya aina moja ilitumika ufalme mzima. Mkulima wa Devon huenda hakumjali hata kidogo mwenzake wa York, lakini pesa zao zilikuwa na sura ya mfalme yule yule.

Ndiyo maana uvamizi wa Wanormandi wa mwaka 1066 haukulifuta taifa hilo. William wa Normandy aliwapokonya mabwana ardhi, Kifaransa kikatawala ikulu, ila mfumo wa utawala aliurithi mzima. Bila huo asingeweza kuhesabu mashamba na plau za karibu nchi nzima mwaka 1086. Mwaka 1362 sheria iliagiza kesi zisemwe kwa Kiingereza. Sheria yenyewe, msicheke, iliandikwa kwa Kifaransa.

Kisha, mwaka 1707, bunge la England liliungana na la Scotland, na Waingereza wakazoea kujiona na Britania kuwa kitu kimoja. Kwenye soka, Wembley 1966, mashabiki wao walipepea bendera ya muungano. 1996, uwanja ule ule, ulijaa msalaba mwekundu wa Mtakatifu George, bendera ya England yenyewe. Mwaka 1999 Waskoti na Wawelshi walipata mabunge yao. England haina lake hadi leo: shule na hospitali zake huamuliwa Westminster, bunge la muungano huko London, ambako wabunge wa Glasgow ya Waskoti na Cardiff ya Wawelshi nao hupiga kura.