Wengi Wape, Lakini Tuwahesabu Vizuri

KAKA: Karibu tena msikilizaji. Tupo Kinondoni, Dar es Salaam, feni inazunguka juu yetu, ukisikia mvumo ndiyo hiyo. Dada, leo umekuja na jambo la kura kwenye klabu yetu ya jiokashingi.

DADA: Nimekuja nalo, kaka, na limenikaa moyoni wiki ya tatu sasa. Ila tumsaidie kwanza msikilizaji mgeni. Jiokashingi ni mchezo wa kusaka makasha. Mtu anaficha kasha lenye daftari ndani, anatangaza namba za GPS za mahali pale, mwenzake anakwenda na simu, analitafuta, anasaini, analirudisha palepale alipolikuta.

KAKA: Mimi napenda kusimulia ulivyoanza. Tarehe 2 Mei 2000, kwa saa zetu ilikuwa saa moja asubuhi, serikali ya Rais Clinton iliacha kuvuruga mawimbi ya GPS waliyopewa raia. Kabla ya hapo kifaa kiliweza kukukosesha mahali kwa mita 100 hivi. Kesho yake tu, Dave Ulmer akaenda kuficha ndoo porini karibu na Beavercreek, kule Oregon. Hakuitisha kikao wala kura.

DADA: Angeitisha ya nini? Ndoo ilikuwa yake. Na mpaka leo sheria ni hiyohiyo: kasha lina mwenyewe. Klabu haiwezi kukaa na kupiga kura kasha la mtu liondolewe. Lakini kasha lililonunuliwa kwa michango, likaandikwa jina la klabu, hilo ni letu sote, na hapo ndipo tulipokwama.

KAKA: Lile kasha la Posta, katikati ya jiji.

DADA: Lile la Posta. Kijana wetu alikwenda kubadilisha daftari lililolowa, mlinzi wa jengo moja akamkamata, akahojiwa mpaka jioni. Na mimi simlaumu mlinzi. Mji huu haujasahau tarehe 7 Agosti 1998, ubalozi wa Marekani ulipolipuliwa. Kiboksi kilichozungushiwa gundi, kimechomekwa nyuma ya bomba, wewe ungekifikiriaje?

KAKA: Ningekimbia.

DADA: Basi ikaja hoja kwamba tulihamishie Pugu, msituni. Mwenyekiti wetu, mzee wetu tunayemheshimu sana, akaieleza vizuri, akasema yeye anaiunga mkono, kisha akasema wanaoafiki wanyooshe mikono. Mikono ikapanda karibu yote.

KAKA: Hata wangu. Niliona jambo limekwisha kwa amani.

DADA: Wewe ulirudi na gari la mwenyekiti. Mimi nilirudi na daladala pamoja na vijana. Njia nzima wananiambia, "Dada, sisi Pugu hatutaki." Nauli kwenda na kurudi, halafu ule ni msitu wa hifadhi, huingii bila utaratibu wa TFS, wakala wa misitu. Masika ikija, nani ataenda kila mara kuangalia kama maji hayajaingia? Wao ndio wanaotumwa, kaka. Nikawauliza, mbona mlinyoosha mikono? Mmoja akanijibu, "Ningeubakishaje chini, na mzee ananiangalia?"

KAKA: Hapo umenigusa. Kwa sababu mimi nimelelewa kwenye vikao. Watu wanakaa, wanazungumza, anayepinga anasikilizwa, hamwinuki mpaka mmeelewana. Kura ya karatasi ya siri, ile uliyoitaka, naiona kama inamfundisha mtu kujificha, anakuchekea usoni halafu anakupinga kwa kalamu.

DADA: Lakini kwenye kikao chetu, mkuu kwa umri alizungumza wa kwanza. Baada yake nani tena angezungumza? Mashindano ya kuafiki tu. Heshima ni kitu kizuri, mimi mwenyewe nampigia mzee goti. Sitaki kijana achague kati ya heshima na ukweli. Karatasi inamwachia vyote viwili.

KAKA: Na mzee mwenyewe, nimshukuru hadharani, ulipomfuata hakukasirika.

DADA: Hakukasirika hata kidogo. Alisema angejua mapema asingetanguliza maoni yake. Tukarudia kwa karatasi, na ile mikono karibu yote ikageuka kura zilizokaribiana kabisa.

KAKA: Ila nikukumbushe, ile karatasi ya kwanza nayo ilikuwa na kasoro. Ilikuwa na Pugu au Posta, basi. Kumbe kulikuwa na njia ya tatu: kubaki mjini, lakini mahali penye mwenyewe aliyetoa ridhaa. Hiyo haikutoka kwenye sanduku la kura, ilitoka kwenye mazungumzo, pale mwanachama mwenye duka Magomeni aliposema, "Leteni uani kwangu."

DADA: Ni kweli, na nakupa haki yako. Kura haiwezi kuchagua kitu ambacho hakuna aliyekitaja.

KAKA: Hata jina la mchezo lilipatikana hivyo. Mwanzoni waliuita kwa neno lililonuka magendo. Mwisho wa Mei 2000 Matt Stum akapendekeza jina tunalolitumia sasa, wenzake wakaliona linafaa, likashika.

DADA: Sasa zikawa njia tatu, na hapa msikilizaji mwenye klabu yoyote, hata ya vikoba, anisikilize. Tuseme mpo 22. Pugu inapata 9, Magomeni 7, Posta 6. Mtu anatangaza Pugu imeshinda. Imeshindaje, wakati 13 hawakuichagua? Wanaotaka mjini wamegawana tu.

KAKA: Waswahili wanasema wengi wape.

DADA: Wape, lakini hao 9 si wengi! Ndiyo maana tulikubaliana na duru ya pili. Ya mwisho inatoka, zinabaki mbili, mnapiga tena. Inachukua dakika 10 na karatasi nyingine za daftari. Magomeni ikapita, na waliotaka Pugu wakaridhika, kwa sababu walishindwa na wengi wa kweli.

KAKA: Kuna waliouliza kwa nini tusimalize haya WhatsApp.

DADA: Kura ya WhatsApp inaonyesha majina. Ukibonyeza unaona nani kachagua nini. Ni mikono ileile, safari hii inabaki kwenye simu ya mzee. Na aliyeiweka asipokuwa makini, mtu anachagua majibu mawili. Kwa siku ya kukutana, sawa. Kwa jambo lenye uchungu, hapana.

KAKA: Na yapo yasiyopigiwa kura kabisa. Makasha yawe umbali wa mita 161 angalau, hilo ni la mchezo dunia nzima. Tukipiga kura 22 kwa sifuri liwe mita 50, mkaguzi wa mchezo, anayepitia makasha kabla hayajatangazwa, hatalipitisha.

DADA: Na ridhaa ya mwenye eneo. Hiyo wengi hawaielewi. Klabu nzima ikiafiki kuweka kasha kwenye ukuta wa mtu, ukuta bado ni wake.

KAKA: Limebaki la akidi, idadi ya watu inayotakiwa ili kikao kiwe halali.

DADA: Ndiyo linalonikosesha raha. Katiba yetu fupi inasema nusu ya wanachama. Lakini wapo waliojiandikisha zamani na hatuwaoni tena, na wao wanahesabiwa. Kikao cha mwezi jana kilivunjika kwa sababu yao. Mimi ningependa akidi ihesabiwe kwa waliolipa ada ya mwaka.

KAKA: Hapo sikubaliani nawe, dada yangu. Kuna kijana anakosa ada lakini ndiye anayeingia kwenye mikoko ya Mbweni kukagua makasha, tope mpaka magotini. Utamwambia hahesabiki?

DADA: Hilo sikuliwaza.

KAKA: Basi waliolipa, au waliofanya kazi ya kasha hata moja ndani ya mwaka. Majina yapo kwenye madaftari, tutayasoma.

DADA: Iandike hivyohivyo, tuipeleke Jumamosi. Na uieleze wewe, mzee azungumze mwisho. Mwenyewe ameomba. Mimi nitakuja na sanduku, lile la viatu nililotoboa juu, na kalamu za kutosha. Mara ya mwisho tulikuwa na kalamu mbili, watu wakawa wanachunguliana.